Samaki Hajui Jina Lake

Mwishoni mwa mwaka 1938 mashua ya uvuvi ilileta katika bandari ya East London, Afrika Kusini, samaki mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyofanana na miguu mifupi. Wataalamu walikuwa wakiijua jamii ya samaki huyo kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na waliamini kwamba ilikwisha kutoweka duniani zamani sana, katika enzi ya dinosaria. Mwaka uliofuata J. L. B. Smith alimpa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae: sehemu ya kwanza kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho aliyemgundua katika lundo la samaki, na ya pili kwa ajili ya mto Chalumna, ambao samaki alivuliwa karibu na mlango wake. Wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lao, gombessa. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, nao wamekuwa wakimnasa katika nyavu zilizotegwa kwenye kina kirefu. Majina hayo yote hayakumbadili samaki hata kidogo. Huogelea kama babu zake walivyoogelea, wala hana habari kwamba aliwahi kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Hali ni nyingine kabisa pale ambapo kinachopewa jina ni mtu. Mwanafunzi akiitwa "mzito" mbele ya darasa, husikia. Husikia pia mwenziwe wa dawati la jirani, na jioni wazazi hupata habari. Tokea hapo jina huingia ndani ya mambo yale yale ambayo lilidaiwa kuyaeleza tu. Swali gumu haliulizwi tena upande wake. Naye huacha kuinua mkono. Na mwisho wa muhula alama zake huonekana kumthibitisha aliyemwita hivyo. Mwanafalsafa wa Kanada, Ian Hacking, aliifananisha hali hii na kitanzi: jina humgeuza mtu, na mtu aliyegeuzwa hurudi kulithibitisha jina, au kuligeuza.

Lugha ya Kiingereza ina neno la nadra, nomenclator, ambalo historia yake yafaa kusimuliwa kwa kifupi. Katika Roma ya kale hilo lilikuwa jina la mtumwa aliyefuatana na bwana wake njiani ili kumnong'oneza majina ya watu waliokutana nao, hususan nyakati za kuomba kura. Baadaye neno likahamia kwa wataalamu wa viumbe, likawa na maana ya mtu atungaye majina na kuvipanga vitu katika mafungu. Mkubwa wao alikuwa Msweden Carl Linnaeus. Katika toleo la 1758 la kitabu chake maarufu hakuishia kwenye mimea na wanyama. Aliwapanga na wanadamu pia katika mafungu manne makuu, kila bara na tabia yake. Mzungu aliandikwa kuwa hutawaliwa na sheria, Mwafrika kuwa hutawaliwa na matakwa ya ghafula. Mtaalamu aliyehesabu stameni za maua kwa uangalifu usio na kifani aliandika maneno hayo bila kupima chochote.

Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu mwenye mazoea hayo. Husemwa tu kwamba fulani "hubandika watu majina", na kitenzi hicho kimechaguliwa vizuri. Kinachobandikwa hutoka nje, hakikuota mwilini. Lakini gundi ikishakauka, ni vigumu kwa mtazamaji kujua kama kilikuwapo tangu mwanzo au la.

Kisa mashuhuri cha ubandikaji uliofanywa kwa jina la sayansi kilianzia Paris, na kilianza kwa nia njema. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida, ili wapewe mafunzo ya pekee. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905: mtoto alitakiwa kurudia tarakimu alizotajiwa, kutaja vitu vilivyo katika picha, kulinganisha mistari miwili na kusema ni upi mrefu, na mengineyo ya namna hiyo, kuanzia mepesi hadi magumu. Katika sahihisho la 1908 mazoezi yalipangwa kwa umri, na hapo likazaliwa wazo la "umri wa akili". Binet alikuwa mwangalifu. Kipimo chake kilimwonyesha mtoto alipo siku ile. Hakikusema amefikaje hapo wala ataishia wapi. Mwaka 1909 aliandika kwa ukali dhidi ya wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezwa. Alifariki mwaka 1911, kipimo kikiwa kimekwisha kuvuka bahari bila ya tahadhari zake.

Aliyekivusha alikuwa Henry Herbert Goddard, mkuu wa utafiti katika shule ya watoto wenye akili dhaifu huko Vineland, jimbo la New Jersey, Marekani. Madaktari wa wakati ule walikuwa na majina mawili ya kitaalamu: idiot kwa mtu ambaye umri wake wa akili haukupita miaka miwili, na imbecile kwa aliyefikia mitatu hadi saba. Goddard aliona pengo. Palikuwa na watu waliozungumza vizuri, waliosoma na kufanya kazi, ambao kipimo kiliwaweka kati ya miaka minane na kumi na miwili. Kwa macho hawakutofautiana na wengine, na kwa maoni yake hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yao. Mwaka 1910 aliwatungia jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu: moron. Wataalamu wenzake wakalipokea.

Jambo lililotendeka hapo halina budi kutazamwa kwa makini. Kabla ya 1910 walikuwapo Wamarekani wengi waliokuwa wazito katika hesabu, au wasiojua Kiingereza vizuri, au waliotolewa shuleni mapema kwa sababu ya umaskini. Baada ya 1910 wote hao waliweza kuonekana kuwa watu wa aina moja, na aina ikishakuwa na jina hutafutiwa asili, idadi na tiba. Mwaka 1913 Goddard aliwapeleka wasaidizi wake kwenye kisiwa cha Ellis, mlango wa wahamiaji katika bandari ya New York. Watu waliokuwa wametoka melini baada ya safari ndefu ya baharini, wengi wao hawakuwahi kushika kalamu, waliulizwa maswali kwa njia ya wakalimani. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1917 yalisema kwamba takribani wanne katika kila watano wa Waitaliani, Wayahudi, Wahungari na Warusi waliopimwa walikuwa na akili dhaifu. Kipimo kinachosema hivyo kuhusu mataifa mazima kimejishtaki chenyewe. Hata Goddard alishtushwa na hesabu zake, lakini alichofanya ni kupunguza viwango, si kukitilia shaka kipimo.

Mwaka 1912 alikuwa ametoa kitabu juu ya msichana wa pale Vineland aliyempa jina la kubuni, Deborah Kallikak. Ukoo wenyewe aliutungia jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, "zuri" na "baya". Deborah aliletwa shuleni hapo mwaka 1897 akiwa na miaka minane. Picha za kitabuni zamwonyesha binti nadhifu, ameketi kwenye cherehani. Alijua kushona, kuchonga samani na kupiga ala za muziki. Kipimo, hata hivyo, kilitoa umri wa akili wa miaka tisa, na kwa Goddard neno la kipimo lilishinda ushahidi wa macho. Msaidizi wake alizunguka vijijini kutafuta jamaa za msichana huyo, akawahukumu kwa kuwatazama. Waliokwisha kufa aliwahukumu kwa masimulizi ya majirani. Hivyo ulitolewa mti wa nasaba wenye mamia ya watu, tawi moja jema na moja ovu, ukiwa ushahidi kwamba upumbavu hurithiwa kama rangi ya macho. Watafiti wa nasaba waliochunguza upya hati za kale karibu karne moja baadaye waligundua kwamba kiungo cha mwanzo cha mti huo kilikuwa cha uongo, na kwamba katika tawi "ovu" walikuwamo wenye mashamba, walimu na askari, watu wa kawaida kabisa. Deborah mwenyewe alifariki mwaka 1978. Alikuwa ameishi ndani ya taasisi miaka 81.

Huenda msomaji akadhani kwamba hayo yalikuwa makosa ya vitabuni. La. Katika jimbo la Virginia palikuwa na msichana aitwaye Carrie Buck, aliyelelewa na familia isiyo yake. Alipokuwa na miaka 17 alipata mimba. Baadaye alieleza kwamba alibakwa na jamaa wa familia hiyo. Waliomlea wakaomba apelekwe katika taasisi ya wenye akili dhaifu, ambako mama yake alikuwa amekwisha kuwekwa, na kwenye karatasi zake likaandikwa lile neno la Goddard. Shuleni alikuwa akifaulu kama wenzake mpaka alipoondolewa ili afanye kazi za nyumbani. Habari hiyo haikupewa uzito. Virginia ilikuwa imetunga sheria ya kuwafunga kizazi watu wa namna yake, na ili sheria ipite ilibidi ionekane kwamba dhaifu huzaa dhaifu. Vizazi viwili vilikwisha kupatikana, bado cha tatu. Mtoto wa Carrie, Vivian, alikuwa na umri wa miezi saba hivi alipotazamwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ambaye alieleza mahakamani kwamba sura ya mtoto haikuwa ya kawaida sawasawa. Ushahidi ukawa umetimia. Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba jimbo lina haki hiyo, na mwezi wa Oktoba Carrie akafungwa kizazi. Katika majimbo yaliyokuwa na sheria za namna hiyo watu zaidi ya 60,000 kwa jumla walitendewa hivyo.

Vivian aliingia shule ya msingi. Mwezi wa Aprili 1931 jina lake lilikuwa katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Mwaka uliofuata aliugua akafa, akiwa na miaka minane.

Goddard, kwa heshima yake, alibadili mawazo. Mwaka 1928 alikiri hadharani kwamba wengi wa wale aliowaita hivyo hawakuwa na sababu ya kutengwa na jamii, na kwamba elimu ingeweza kuwafaa. Lakini jina halirudi mfukoni mwa aliyelitoa. Lilikwisha kuingia katika sheria, halafu likaenea mitaani, na leo hii idiot, imbecile na moron ni matusi matatu tu. Mtoto wa Kimarekani anayeyatamka hajui kwamba yalikuwa vyeo vya kitaalamu. Neno lililochukua nafasi yake lilichakaa vilevile, hata mwaka 2010 sheria ikapitishwa Marekani kuliondoa katika maandiko ya serikali. Wasemaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. "Taahira" liliwahi kutumiwa kwa adabu kamili katika maandishi ya elimu na tiba; nani leo angependa mwanawe aitwe hivyo badala ya kusemwa kuwa ana ulemavu wa akili?

Fikra hizi zilifika pia Afrika Mashariki, kwa njia ya Uingereza, ambako chama cha yujeniki (yaani imani kwamba taifa laweza kuboreshwa kwa kudhibiti nani azae na nani asizae) kilikuwapo London tangu 1907. Katika miaka ya 1930 daktari Mwingereza, H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, alipima vichwa vya maelfu ya wanaume Waafrika, akaamini ameona upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Mwaka 1933 walowezi walianzisha chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, naye akawa kiongozi wao. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa maabara ya serikali mjini humo, alitoa katika jarida la anatomia la Uingereza matokeo ya kupima bongo mia moja za Waafrika waliofariki. Alisema kuwa zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi, na kutokana na hayo akahitimisha kwamba ubongo wa Mwafrika mzima umefikia hatua ya ule wa mvulana wa Kizungu wa miaka saba au minane.

Mizani ya Vint haikuwa na kosa. Gramu zilikuwa gramu. Kosa lilikuwa katika sentensi iliyofuata gramu. Uzito wa ubongo hutegemea ukubwa wa mwili, umri, lishe, ugonjwa uliomuua mtu, hata jinsi ubongo ulivyohifadhiwa baada ya kutolewa. Na miongoni mwa watu wazima wenye afya, wenye bongo nyepesi hawawi watoto wa miaka saba. Kulinganisha bongo za maskini waliokufa Nairobi na takwimu zilizokusanywa na watu wengine huko Ulaya hakuwezi kutenganisha hata moja kati ya sababu hizo. Lakini hitimisho lilitakiwa, kwa kuwa nyuma yake lilikuwako swali la shule. Gordon alionya kwamba elimu ya Kizungu ingeweza kuwadhuru Waafrika akilini. Koloni iliyobishana juu ya fedha za kuwasomesha watu wake isingepata hoja ya bei nafuu zaidi. Serikali ya Uingereza ilipoombwa fedha za kuuendeleza uchunguzi huo ilikataa, na baadhi ya wanasayansi wa huko waliupinga waziwazi.

Hata hivyo mbegu ilikwisha kupandwa. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938 ingawa alikuwa hajasomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo, aliwatumia Gordon na Vint katika maandiko yake. Mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze kiini cha Mau Mau, naye akakitafuta zaidi katika nafsi ya Mkikuyu aliyenaswa kati ya mila na maisha mapya kuliko katika ardhi iliyochukuliwa. Hapa kitanzi chaonekana wazi: mtu aliyekwisha kuitwa mtoto, akidai shamba lake, dai lake husomwa kuwa dalili ya ugonjwa. Katika miaka hiyo ya 1950 T. A. Lambo, tabibu wa magonjwa ya akili kutoka Nigeria, alionyesha jinsi maandiko ya namna hiyo yalivyokuwa hadithi zilizovikwa joho la sayansi.

Je, jina lina nguvu kiasi gani darasani, pasipo mahakama wala kisu cha mganga? Jaribio lililojaribu kulijibu swali hilo kwa tarakimu lilifanywa California kuanzia mwaka 1964 na Robert Rosenthal, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Lenore Jacobson, mkuu wa shule ya msingi. Shule waliyoitumia ilikuwa na kitu ambacho walimu wa Afrika Mashariki watakitambua mara moja: kila darasa liligawanywa katika mikondo mitatu, wepesi, wa kati na wazito. Watoto walipewa kipimo cha akili. Walimu waliambiwa kwamba kipimo hicho chaweza kutabiri ni watoto gani watachanua katika mwaka ujao, wakapewa majina ya mmoja katika kila watano. Kwa hakika majina yalikuwa yameokotwa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka, watoto wa darasa la kwanza waliotajwa walikuwa wamepanda kwa wastani wa alama 27, na wenzao alama 12. Katika darasa la pili tofauti ilikuwapo pia. Katika madarasa ya juu ilikuwa ndogo au haikuonekana.

Kitabu kilichotoka mwaka 1968 kilisomwa ulimwenguni kote, na aghalabu kilisomwa vibaya. Wapo waliohubiri kwamba mwalimu akiamini tu, kila mtoto atakuwa bingwa. Wakosoaji walieleza, na walikuwa na haki, kwamba kipimo chenyewe hakikuaminika kwa watoto wadogo kiasi hicho, na wadogo ndio waliobeba karibu matokeo yote. Majaribio mengi yalifuata. Mwaka 1984 Stephen Raudenbush aliyakusanya na kuona jambo lenye manufaa kwa kila mwalimu: tarajio la kupachikwa lilikuwa na nguvu pale tu mwalimu alipopewa habari kabla hajawafahamu watoto. Akishakaa nao majuma mawili, utabiri wa mtaalamu ulimtoka akilini na mtoto mwenyewe akachukua nafasi yake. Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba athari ya matarajio ya walimu ipo kweli, lakini kwa kawaida ni ndogo. Huelekea kuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao jamii imekwisha kuwadharau.

Limo katika taarifa ya mwaka 1968 jambo jingine ambalo halikutajwa sana katika mabishano. Baada ya mwaka ule walimu waliombwa kueleza tabia za wanafunzi wao. Watoto waliokuwa kwenye orodha na kupanda walisifiwa: wachangamfu, wadadisi, wenye furaha. Lakini walikuwapo na wengine, hasa katika mkondo wa wazito, ambao hawakutajwa na mtu yeyote, nao walipanda kwa nguvu zao wenyewe. Kadiri hao walivyopanda, ndivyo walimu wao walivyowaona kuwa hawapendezi na hawana utulivu darasani.